Misumari kwenye Boriti

Boriti ya mbele ilipasuka, Goma ikiwa bado inaonekana nyuma yao, nusu imemezwa na moshi. Ilitoa mlio mmoja kama wa risasi, na Rémy, aliyezoea risasi, akalala chini kabla hajaelewa kwamba ni chombo chake mwenyewe kinachovunjika.

Ilikuwa Alhamisi, Januari 2002, alasiri. Moto wa mlima wa volkano ulikuwa umeshuka hadi mjini. Walikimbilia ziwani watu watatu: Rémy, mkewe Mukamazimpaka, na baba mkwe wake, mzee Ntirenganya. Chombo kilikuwa kikuukuu, cha kuvulia sambaza, dagaa wa ziwani: mitumbwi miwili mirefu iliyounganishwa kwa boriti tatu za mkaratusi. Motari yake, yaani injini, askari wa uasi walishaichukua. Yalibaki makasia.

Mzee ndiye aliyewapa chombo hicho walipooana, akamwonyesha Rémy kazi yake: kila Jumamosi fungua kamba za boriti, ziloweke, zikaze upya. Ukizembea, boriti zinalegea na kulia. Rémy alizembea. Zikalia kama mlango mbovu, wavuvi wenzake wakamcheka: "Rémy, pirogi yako inaomba dawa!" Siku moja akachoka, akapigilia misumari mirefu kila kiungo. Kelele ikaisha. Akajiona fundi.

Sasa wimbi liliinua mtumbwi wa kulia na kuuacha wa kushoto chini. Kamba ingecheza. Msumari haukucheza, ulipasua mti kuanzia tunduni hadi nchani.

"Ya katikati nayo inapasuka!" Mukamazimpaka alipaza sauti, huku akichota maji kwa sufuria.

Mzee alipapasa kiungo. "Mujinga gani alipiga misumari hapa?"

"Ni mimi, muzee."

"Tutaongea kisha. Kamba iko wapi?"

"Nilifungia mbuzi."

Mzee alimtazama kidogo tu. "Kata wavu."

"Muzee, ile ndiyo mali yetu yote!"

"Utavulia wapi, chini ya maji?"

Rémy akakata. Akasokota nyuzi za wavu, akazilowesha, akampa mzee, kisha yeye mwenyewe akaanza kung'oa misumari kwa panga. Mmoja ulikataa kutoka. Akauacha, akajiambia ni mmoja tu.

Kamba ilipopita chini ya boriti ikanasa palepale, kwenye msumari ule. Mzee akaingiza mkono kuinasua. Wimbi likaja, mitumbwi ikagongana, boriti ikashuka juu ya vidole vyake.

Rémy akainua boriti kwa bega, mkono ukatoka umepondeka.

"Baba!" Mukamazimpaka alitupa sufuria.

"Wewe chota maji. Na wewe, usiniangalie, kaza! Zungusha mara tatu. Sasa pitisha katikati. Vuta na mguu. Vuta!"

Rémy alivuta mpaka viganja vikachubuka. Alivunja kasia moja, akachonga kabari, akaipigilia penye ulegevu. Alipomaliza ya mbele akafunga ya katikati, kisha ya nyuma, mzee akimwelekeza kwa maneno matupu, uso umekuwa wa majivu.

Walipiga makasia wakiuacha mlima nyuma yao. Mzee aliomba maji. Ya ziwani yalijaa vumbi jeusi, Mukamazimpaka akayachuja kwa kitenge, na kitenge hichohicho akamfungia baba yake mkono. Hakumsemesha mumewe hata neno moja. Rémy angependa amtukane.

Ijumaa asubuhi walifika ufukwe wa Minova. Wavuvi wakawavuta hadi mchangani, na mmoja wao akajaribu kutikisa boriti. Haikutikisika.

"Nani alifunga hii?"

"Ni mimi," Rémy alisema kwa sauti ya chini.

"Nani alikufundisha?"

Mzee Ntirenganya alikuwa ameketi mchangani, mkono kifuani.

"Myaka kumi na moja nilimufundisha," alisema. "Jana ndiyo alisikia."

Yule mvuvi akacheka. Rémy alikitazama kitenge, kimelowa damu hadi pindoni, akapiga magoti ili mzee apande mgongoni mwake.