Unga Huu Si Dawa

Mtaani wananiita Mama Klorini. Sikasiriki. Huu ni mwaka wa kumi na tatu napiga deki wodi za hospitali, na nyumbani kwangu kila kitu kinanuka klorini: sakafu, ndoo, vikombe, hata mume wangu.

Mume wangu alikuwa seremala. Mashine ya kupasulia mbao ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kulala tu, amegeukia ukuta. Ukimpa chakula anakula, usipompa haombi. Mwishowe shemeji yangu alimletea kuku arobaini wa mayai.

"Kaka, fuga hawa," alimwambia. "Kumwaga chakula hakuhitaji vidole kumi."

Basi akaamka! Asubuhi na mapema yuko bandani. Kuku mmoja mnene, mwenye maringo, alimwita Mheshimiwa. Nilikuwa namsikia akimtania, "Mheshimiwa, leo utatuhutubia nini?" Nikajua mume wangu amerudi.

Halafu kuku wakaanza kuhara. Tulimwita bwana mifugo. Alichukua kinyesi akakipime, kisha akarudi na pakiti mbili. Mume wangu alikuwa amekwenda kuleta chakula cha kuku, kwa hiyo maelezo niliyapokea mimi, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, nawahi zamu.

"Hii ya kwanza ni antibayotiki," alisema. "Wape siku tano, usizidishe. Mayai yao msile wala msimpe mtu mpaka siku nilizoandika hapa ziishe. Siku ya sita anza pakiti ya pili. Tumia maji safi."

"Nimeelewa, bwana mifugo." Wapi! Nilisikia dawa mbili na maji safi, basi. Na kwetu wodini maji safi ni yale yenye klorini.

Siku ya sita niliona antibayotiki imebaki. Nikasema, ya nini kuitupa? Niliikoroga pamoja na unga wa pakiti ya pili, nikatia na vifuniko viwili vya klorini. Dawa tatu kwa mpigo! Nilijiona mjanja kweli.

Kuku wakazidi kuhara. Wakafa wawili, kisha wanne, siku moja wakafa sita. Mume wangu aliwabeba mmoja mmoja kwa vidole vyake viwili, akawafukia kwenye shimo refu. Siku alipomfukia Mheshimiwa, alirudi ndani, akavua viatu, akageukia ukuta.

"Mkono huu una nuksi," alisema. "Kila unachogusa kinakufa."

"Usiseme hivyo, baba watoto."

Siku mbili nzima hakutoka kitandani.

Bwana mifugo aliporudi alinikuta bandani peke yangu. Aliinamia chombo cha maji, akanusa.

"Mama, humu umetia nini?"

"Dawa zako zote," nikamjibu kwa kujisifu. "Na klorini. Si ulisema maji safi?"

Alishusha pumzi. "Mama, pakiti ya pili si dawa. Ule unga una bakteria walio hai."

"Bakteria! Umenipa bakteria niwanyweshe kuku wangu?"

"Bakteria wazuri. Utumbo wa kuku una wazuri na wabaya. Wazuri wanasaidia kusaga chakula na wanawabana wabaya wasizaane. Antibayotiki haichagui, inaua hata wazuri. Ndiyo maana tukishaimaliza tunawarudisha wazuri. Wanaitwa probayotiki. Wewe umewarudisha, halafu ukawaua humo humo kwenye maji. Wabaya wamebaki wanatamba."

Nikakaa chini, juu ya maranda. "Kwa hiyo ni mimi niliyewaua?"

"Wengine wangekufa tu kwa ugonjwa," alisema. "Si wote."

Hakunificha ukweli, na nilimshukuru kwa hilo. Alinifundisha upya. Vyombo nioshe kwa sabuni, nisuuze mpaka harufu iishe. Maji nichemshe, niyaache yapoe kabisa, kisha nitie unga. Klorini isiingie, wala antibayotiki. Akaniambia pia kwamba hao bakteria wazuri wanahitaji kula. Chakula chao kinaitwa prebayotiki, nacho ni nyuzinyuzi, kama za pumba za ngano. Nichanganye kidogo na chakula cha kila siku.

Nikaingia ndani. Kutoka mlangoni mpaka kitandani ni hatua nne. Siku ile niliziona nyingi.

"Baba watoto, si mkono wako. Ni mimi." Nilimweleza yote, sikuficha hata kifuniko kimoja. Nilingoja anifokee. Ningefurahi angenifokea.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza, bado amegeukia ukuta.

"Kumi na mmoja."

Aligeuka, akaanza kutafuta viatu vyake.

Wiki ile alikufa mmoja zaidi. Baada yake hakufa mwingine. Kinyesi kilianza kushikamana, kuku wakaanza kuchakura, na mwezi ulipopita tukaokota mayai manne. Lakini kumi si arobaini. Banda limekuwa kubwa mno, na kila nikiingia roho inaniuma.

Tulipoletewa unga mwingine, tuliuweka kwenye kopo, mahali penye ubaridi.

"Usisahau kuwapa ile dawa," nikamwambia.

Alinitazama. Akafungua sanduku lake la kazi, akatoa penseli ya useremala, akaishika kwa mkono wa kushoto. Tangu ajali hakuwahi kuandika kitu. Aliandika pole pole juu ya kifuniko, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi tatu: HAI.

"Zimepinda," nikasema, maana nilikuwa karibu kulia.

"Zimepinda, lakini zinasomeka. Haya, Mama Klorini, soma."

Nikasoma kwa sauti.