Kichupa cha Pili

Fundi cherehani alikwenda mjini kununua zipu. Akarudi bila zipu, amepungukiwa damu, na ameongezewa namba ya simu ya mwanamume.

Ilikuwa ndani ya jumba la maduka, watu wakisukumana, ambako wahudumu walikuwa wakiomba damu kwa ajili ya wagonjwa. Fundi alivaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, mikono ya gauni imevimba kama maputo. Kijana wa maabara, koti jeupe, mfuko umevuja wino, akamfunga mpira mkononi.

"Utaniumiza?"

"Wewe unayejidunga sindano kila siku?" alisema kijana, akiitazama futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwa Fundi.

Mfuko wa damu ukajaa. Akajaza kichupa cha kupimia, kisha kingine.

"Na hicho?"

"Cha akiba tu, dada."

Basi "dada" ikawa "mpenzi", na "mpenzi" ikawa "malkia wa nyuzi". Simu zao zilirefuka hadi dada yake Fundi, aliyelala naye chumba kimoja, akaanza kulala na pamba masikioni.

Siku moja kijana alimwita maabara, sauti ikimtetemeka. Fundi alikwenda amejipaka wanja, akitarajia pete. Alionyeshwa chupa. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya waridi.

"Chungulia kwenye darubini. Ni wewe, mpenzi. Seli za damu yako."

Fundi akaona vishada vidogo vikibanana. "Mbona hazijafa?"

"Nimezitia kirusi, cha jamii ya herpesi. Karibu kila mtu anacho, kimelala tu. Jeni zake chache zinaihadaa seli. Moja ni kama kengele ya mlango iliyokwama: inalia 'gawanyika, gawanyika,' na mlangoni hakuna mtu. Nyingine zinakata breki. Seli inasahau kufa."

"Hiyo si ndiyo kansa?"

"Inaelekea huko. Mwilini mwako kinga inazikamata, usiogope. Humu chupani hakuna wa kuzikamata. Na nyingine nimezigandisha kwenye lile tangi la baridi kali. Hata tukizeeka, utakuwepo!" Akapiga goti. "Nioe... yaani, nikuoe?"

Fundi hakucheka.

"Damu ilitoka wapi?"

Kijana akainuka, akaanza kuifuta darubini.

"Kile kichupa cha akiba," alisema Fundi. "Kabla hata hujajua jina langu."

Akaondoka, wanja ukimtiririka. Kwa siku nyingi simu zilipokewa na dada yake.

"Shemeji, hayupo."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe, yuko hapa."

Lakini moyo haushikiki kwa pini. Usiku alimlaani, mchana mikono yake ilimshonea koti jipya, mfuko umetiwa kitambaa kizito usivuje wino. Akalikunja, akalipeleka maabara.

"Zimwage," alisema. "Nikuone."

Kijana akamimina klorini chupani. Waridi likapauka. Machozi yalimtoka kweli, na Fundi akahisi kifua kinalegea.

"Nisamehe, malkia. Nilitaka nisikukose kamwe."

"Ungeniomba, ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma." Akamfuta shavu kwa ncha ya koti. Alibakiza neno moja tu ampe: nimekusamehe. "Zimebaki nyingine?"

"Hata moja."

Kijana alilisema upesi, kwa sauti tamu ileile ya "cha akiba tu". Alikuwa amesahau kwamba alikwisha kumtajia tangi.

Fundi akalitazama tangi kule pembeni. Akamtazama kijana, ambaye sasa alikuwa akitazama viatu vyake. Akalikunja koti polepole, akalitia kwapani, akatoka.

Nyumbani alikaa kitandani kulifumua, mshono baada ya mshono. Simu ikaita, ikakatika, ikaita tena.

Dada yake akaichukua. "Ni yeye. Nimwambie hupo?"

"Mwambie nipo," alisema Fundi, akiuma uzi. "Nipo kwenye friji yake. Aongee na yule."