Jina Lililochomwa Njia Panda

Mnisamehe mapema. Hadithi hii ilistahili mtu anayejua kunyamaza panapofaa, na mimi hata kanisani huketishwa nyuma kwa ukubwa wa sauti. Lakini Kivuti mwenyewe, shemeji yangu wa Ishiara aliyemwoa dada yangu Felicitas, hataki kuisimulia tena. Kwa hiyo mtanivumilia.

Ushirika wa wakulima wa ndengu ulimtuma China akaangalie mashine ya kupepeta. Akafikishwa kwenye mji mkubwa, kimya kuliko makaburi. Barabara pana, zimefagiliwa hadi zinang'aa. Pikipiki za umeme zinapita bila mlio, kama zinateleza ndotoni. Maghorofa yamepangana, madirisha mamia, na nguo moja tu imeanikwa. Mbwa hakuna. Mtoto wa kulia hakuna.

"Watu wako wapi?" akamuuliza mkalimani wake.

"Wako," mkalimani akajibu, akabadilisha mazungumzo.

Jioni ya tatu, jua likizama, Kivuti alitoka kutafuta sukari. Chai ya hoteli, alisema, ilikuwa maji ya kuoshea majani. Mfukoni alikuwa na kikaratasi cha kumpa mkalimani, amtafutie fundi wa kuchonga jina kwenye bangili ya mtoto. Felicitas alikuwa na mimba, siku zimetimia, na picha ya hospitali ilishaonyesha msichana. Kwao, binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo kikaratasi kilisema: Igoki wa Kivuti, Ishiara.

Kwenye njia panda akanusa moshi.

Bibi kizee alikuwa amechuchumaa, amechora duara la chaki lililoachiwa mlango upande mmoja. Ndani yake anachoma karatasi. Nyingine zimekunjwa zikawa gauni... na viatu vidogo vya mtoto.

Kivuti akamwamkia kwa Kimbeere, lugha ya kwao, maana heshima haina pasipoti. Bibi hakuinua kichwa. Moto ulikuwa unafifia. Na kwao, moto wa mzee haupitwi bila kuongezewa kuni, ukiupita, umemtukana. Akatafuta kijiti. Mji ule umefagiliwa, hata jani hakuna. Akapapasa mfukoni.

Akakitia motoni kile kikaratasi.

Hakikuungua mara moja. Kiliinuka, kikazunguka, kikatoka kwa ule mlango wa duara... kikapotea hewani. Bibi akamshika mkono. Vidole baridi. Midomo ikasogea.

"Igoki," akanong'ona.

Kivuti hakuwa amelitamka.

Alirudi bila sukari. Nyuma yake, kwaru... kwaru... Hatua ndogo, kama viatu vya karatasi juu ya lami. Akisimama, zinasimama.

Asubuhi mkalimani alimsikiliza hadi mwisho. "Kinachochomwa pale huwafikia wafu," alisema polepole. "Yule bibi humchomea mjukuu wake. Alikufa kabla hajapewa jina. Wewe umempa. Uliandika na mahali?"

"Niliandika kwetu."



Mtoto alizaliwa jioni ileile ya moto. Kivuti alifika nyumbani akamkuta mnene, ananyonya. Akainama. "Igoki," akamwita.

"Yee," kisauti kikaitika nje, nyuma ya ghala.

Mtoto akaachia titi. Akapoa mwili mzima, macho wazi. Wakamkumbatia mpaka joto likarudi. Kila walipomwita ikawa vilevile, na kila mara joto lilichelewa zaidi.

Ndipo nikaitwa mimi, mjomba. Felicitas alikuwa na shauri: tumpe jina la mama yetu, Kathambi, ambalo huyo wa nje halijui. "Mnong'oneze sikioni, Hezekiah," akaniambia. "Nakuomba. Lisivuke ukuta."

Nikambeba. Nilikusudia kunong'ona, Mungu ni shahidi.

Mbuzi waliamka. Jirani akauliza nani ameitwa.

Na nyuma ya ghala... "Yee."

Mtoto yuko mapajani mwa mamake, hana jina hadi leo, na hakuna anayethubutu kumwita. Mkiulizwa ni nani wa kulaumiwa, msimtaje Kivuti. Yeye alipoteza jina moja kwa adabu. La pili nimelipoteza mimi, kwa mdomo huuhuu ambao mmekaa hapa kuusikiliza.