Kadi ya Pampu Arobaini

Jumanne, saa kumi na moja jioni.

Chumba cha nyuma cha hoteli ya Wariara kilinuka mafuta ya taa na samaki wa jana. Hiram aliweka kiberiti katikati ya meza.

"Hii ni godauni ya Ratilal." Akalaza kijiko kando yake. "Hii barabara ya Molo. Kipchoge, lori linasimama wapi?"

"Nyuma ya stesheni. Injini ikinguruma."

"Izime. Lori la shamba haliogopi mtu."

Kipchoge dereva alitikisa shingo yake nene na kuendelea kutafuna mahindi. Hiram alikuwa amevunja maduka matatu Eldoret bila kufyatua risasi hata moja, na mwaka huo wa 1974 alitaka kuiba bila kuvunja hata kufuli. Pampu arobaini za dizeli za trekta zilikuwa zimefika kwa reli kutoka Mombasa, baada ya kusubiri leseni ya kuingizwa nchini kwa miezi minane. Ngano ya Njoro ilikuwa imeiva na trekta zimelala mashambani. Mwenye pampu wiki hiyo ndiye aliyekuwa mfalme, na Hiram alikwishapata mnunuzi ng'ambo ya mpaka.

"Eleza tena," alimwambia mtu wa tatu.

Mtu wa tatu alikuwa Joash Wasike, karani wa stoo wa Ratilal kwa miaka kumi na minne. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Ungemwona mtaani ungedhani anakwenda kusoma somo kanisani.

"Zamani ilikuwa vitabu vinne," alisema. "Cha oda, cha meli, cha reli, cha stoo. Vyote nilishika mimi. Sasa kuna mashini. Kila mzigo uko na kadi moja ya matundu. Ukilisha mashini hiyo kadi, inatoa karatasi ya kutolea mzigo, inapunguza stoo, inaandika oda ingine ya ng'ambo. Yote mara moja. Na askari wa godauni anatii karatasi ya mashini tu. Hata Ratilal mwenyewe akienda na mdomo mtupu hapewi kitu."

"Na kadi unaweza kutengeneza."

"Nitaitoboa asubuhi kabla hawajafika. Nitaweka jina la shamba la Kilima, kule Njoro. Dereva wao huja Ijumaa. Mpaka hiyo Ijumaa hakuna mtu atajua."

"Mpaka Ijumaa," Hiram alirudia, akiwatazama mmoja mmoja. "Hakuna kufungua mdomo. Ijumaa tutakuwa tumevuka. Haya, sema fungu lako."

"Sitaki fungu."

Kipchoge aliacha kutafuna.

"Kila kadi inabeba nambari ya Achola," Wasike alisema. "Yeye ndiye analisha mashini. Ijumaa watashika yeye. Mimi nataka kiti changu."

Hiram alikichukua kiberiti chake, akakirudisha mfukoni polepole. "Mtu hataki pesa," alisema, "huyo ananitia wasiwasi."

Na alikuwa na haki ya kutiwa wasiwasi. Wivu wa Wasike ulikuwa na mwaka mzima sasa, umenona, unakula naye mezani. Ulianza siku Achola alipoingia na cheti chake cha Nairobi, akapewa meza ya dirishani. Meza ya Wasike! Achola aliletewa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Wasike aliendelea na kikombe chake cha bati. Achola aliitwa Bwana Achola. Wasike, baada ya miaka kumi na minne, alikuwa Joash tu. Mkewe Nabalayo aliposema Jumapili moja kwamba yule kijana ana sauti nzuri ya kuimba, Wasike alisusa chakula siku mbili.

Siku hizi alibakiziwa kazi ya kukagua. Alilinganisha kila kadi na sanduku lake kabla ya kuipeleka kwa Achola, kisha akaikunja pembe ya juu kwa ukucha wa kidole gumba. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu enzi za vitabu, na godauni nzima iliijua. Karatasi iliyokunjwa pembe imepita mkononi mwa Wasike. Mashini ya Achola nayo ilikwama mara tatu, mara nne kwa siku, na kila ilipokwama Wasike alisikia utamu moyoni.

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi.

Ofisi ilikuwa tupu. Wasike alitoboa kadi akiwa amesimama, jasho likimtoka kwapani. Pampu arobaini. Shamba la Kilima. Nambari ya Achola. Akaikagua mara mbili, safu kwa safu, kama alivyokagua kadi zote maishani mwake, na vidole vikamaliza kazi yao ya kila siku. Akaichomeka katikati ya rundo.

Saa nne.

"Habari ya asubuhi, Mzee Joash," Achola alisema, akaanza kulisha mashini.

Kadi ya kwanza. Ya tano. Ya tisa. Kisha chuma kikakoroma na kusimama. Safari hii Wasike hakusikia utamu wowote. Dirishani alisimama Kipchoge, buti za mpira zimejaa tope, kofia mkononi.

"Kilima," alisema. "Nimetumwa pampu."

"Ngoja kidogo, boss. Imekwama."

Achola aliivuta kadi, akailaza mezani, akapitisha rula juu yake mara mbili tatu, akaiingiza tena. Mashini ikapiga kelele zake. Karatasi ikatoka. Kipchoge akaipokea bila kuisoma, akaenda zake kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa mwezi.

Saa tano na nusu.

Kutoka mlango wa stoo Wasike aliliona lori likivuka reli. Hiram alikuwa juu ya masanduku na gunia kichwani, mpakiaji kama wapakiaji wengine. Hakuna aliyepiga filimbi. Kazi safi kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Saa sita.

Ratilal alitoka ofisini kwake akibeba kikombe cha chai kwa mkono wake mwenyewe. Chenye kisahani. Alikiweka mbele ya Achola.

"Watu yangu, sikiza. Bwana Achola anaenda Nairobi na treni ya leo jioni. Kesho anapanda ndege, anaenda Uingereza, mwaka mmoja. Akirudi, atakuwa meneja wa oda yote ya ng'ambo."

Watu walipiga makofi. Wasike naye alipiga, na viganja vyake vikamuuma. Ijumaa! Ijumaa Achola angekuwa Uingereza amevaa koti zito, na polisi wangemwandikia barua. Wasike angebaki hapa na kikombe chake cha bati, bila kuiona sura ya Achola akitiwa pingu. Na hiyo sura ndiyo ilikuwa fungu lake. Kiti peke yake kisingemtosha.

Akaanza kupiga hesabu ya lori. Kufika saa saba litakuwa na muda wa saa moja na nusu barabarani. Watakuwa wamepita Sachangwan, wameingia njia za ndani, hakuna wa kuwapata. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alijua masanduku, hakujua malori. Hakujua kwamba lori kuukuu likipanda Sachangwan na mzigo huchemka, na likichemka husimama.

Saa saba.

"Bwana," alisema mlangoni pa Ratilal, "naona pampu zote zimetoka. Ile kadi haikupita kwangu. Achola amepitisha mwenyewe."

Ratilal alipiga simu Kilima. Kilima hawakuwa wametuma mtu. Akapiga simu polisi, nao wakapiga Molo. Ndipo akamwita Achola aje na kadi.

Achola alikuja mbio, midomo imekauka. Wasike alimtazama na kuinywa ile hofu yake taratibu. Mwaka mzima aliisubiri.

Ratilal aliipeleka kadi kwenye mwanga. Kidole chake kikapita juu ya matundu, kikafika kwenye pembe, kikasimama. Kulikuwa na mstari hapo, umenyooshwa lakini bado upo.

"Hii ni nini?"

"Ilikwama, Bwana, nikainyoosha na rula," Achola alisema. "Hizo za Mzee Joash zote hukwama. Kila siku nanyoosha."

"Kila siku? Kwa nini hujaniambia?"

"Ningesema nini, Bwana? Pembe ikikunjwa, najua mzee ameangalia. Mimi siangalii tena. Huyu hakosei."

Ratilal aliiweka kadi chini. Ilionekana kama anaomba kuambiwa vingine. "Joash. Umesema haikupita kwako."

Wasike alikitazama kidole chake gumba. Angeweza kusema mengi. Angesema labda mtu mwingine amekunja. Lakini lililotoka mdomoni lilikuwa lile lililomkaa kooni mwaka mzima.

"Kwa nini yeye anapewa kisahani?"

Ratilal hakuelewa. Alimgeukia Achola, na Achola naye hakuelewa, na Wasike aliona kwamba hawakuwahi kufikiria jambo hilo hata mara moja.

Saa kumi jioni.

Askari alifungua mlango wa seli, akamsukuma ndani, akafunga. Hiram alikuwa ameketi ukutani, damu imemkaukia sikioni. Kipchoge alikuwa kando yake, mikono yote miwili imebabuka kwa maji yaliyochemka ya rejeta ya lori.

"Walitupata Sachangwan tukitia maji," Hiram alisema. "Walikuja wakijua rangi ya lori." Alisogea, akampa Wasike nafasi. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Keti, ndugu yangu. Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na tulisema?"

"Ijumaa."

Hiram alitikisa kichwa kukubali, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi. Kipchoge akainuka, akaenda mlangoni, akakiziba kitundu cha kuchungulia kwa mgongo wake.