Mwache Ajibu Mwenyewe

Kila asubuhi Mama Pacha alimfunga mumewe vifungo vya shati, kimoja kimoja, kuanzia chini. Ilikuwa miezi minane tangu kiharusi kimpige. Mkono wake wa kulia ulilala tu mapajani. Mkono huo Mama Pacha alishauzoea. Alichokikosa ni sauti.

Mumewe alikuwa mnadi wa mitumba. Akipanda juu ya meza na kuinua suruali, hata watu wa mtaa wa tatu walimsikia. Hata nyumbani hakujua kunong'ona. "Baba Pacha, mimi si mteja, punguza," mkewe alikuwa akimwambia. Sasa angetoa chochote apigiwe kelele.

Siku moja alikuja rafiki wa Mnadi; meza zao zilipakana sokoni.

"Ndugu yangu, utarudi lini? Wateja wananiuliza mimi, kama vile nimekumeza."

Mnadi alifungua mdomo. "Ni... ni..."

"Harudi, shemeji," Mama Pacha akajibu haraka. "Amechoka. Soko halitaki tena."

Mnadi aligeuza uso ukutani.

Mhudumu wa afya wa mtaa alikuwa amefika kumpima presha. Aliona yote. Rafiki alipoondoka, alimfuata Mama Pacha jikoni.

"Mama, nani kakwambia hataki soko?"

"Namjua. Miaka thelathini tuko pamoja."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize vipi mtu asiyeweza kujibu?"

"Anaweza, ila anachelewa. Akili yake ipo. Kiharusi kimeharibu njia ya maneno. Ukimjibia kila mara, njia hiyo inazidi kuota majani."

Mama Pacha alifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilitaka tu asione aibu."

"Najua. Wengi hufanya hivyo kwa upendo. Sikiliza. Wapo watu wanaoshindwa kusema, lakini kuimba wanaweza, kwa sababu kuimba hutumia pia sehemu nyingine za ubongo. Zahanati yetu haina mtaalamu wa usemi. Mji wa jirani wanaye mmoja. Mji wa tatu una walimu wa muziki. Sisi tuna ukumbi wa maktaba, unakaa tu bila kutumika. Basi tumeungana, kila mji utoe ulicho nacho. Jumanne wote wanakuja kwetu. Jumatano wanahamia kwa wenzetu."

"Kwa hiyo dawa aache?"

"Thubutu! Dawa ya presha iko palepale. Na wimbo haumsaidii kila mtu. Lakini tujaribu."

Jumanne walikwenda. Wagonjwa wanane walikaa kwa duara. Mwalimu wa muziki alimuuliza Mama Pacha jinsi mumewe alivyokuwa akinadi. Akamwambia. Mwalimu akayatia maneno yale kwenye wimbo mfupi, huku akigonga mapigo polepole kwenye mkono wa kushoto wa Mnadi.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, mguno. Ya tatu, sauti ikatoka, ikikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta: "Cha-gu-a... cha-gu-a..."

Mama Pacha aliinama, akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Wiki ya tano mtaalamu wa usemi alimuuliza Mnadi, "Mzee wangu, ukipona vizuri, unataka nini?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Mama Pacha. Mhudumu akamgusa bega. Mama Pacha akauma midomo. Mnadi aligonga paja lake kwa vidole vya kushoto, mara moja, mara mbili.

"Na-ta-ka... so-ko-ni."

Miezi yote hiyo Mama Pacha alikuwa akiwaambia watu kinyume chake.

"Nisamehe, Baba Pacha," alisema. "Nilidhani nakusaidia, na huku nakusemea, na wageni wakija nakujibia, na..."

"Ke-le-le," Mnadi akasema, na upande mmoja wa mdomo ukacheka. Ukumbi mzima ukacheka naye.

Jumamosi rafiki yake wa sokoni alimpitia. Walikubaliana akae sokoni saa moja tu, kwenye kiti, kivulini. Mama Pacha alibaki nyumbani, akikunja nguo zilizokwishakunjwa, akichungulia dirishani kila mara.

Mnadi alirudi jasho likimtoka, koo limekauka. Mkewe akampa maji.

"Habari za huko?"

Mnadi alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Mama Pacha alivuta stuli, akakaa mbele yake. Alikuwa na siku nzima ya kumsubiri.