Umri wa Revati Kwenye Karatasi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, Revati alisimama kwenye fremu ya mlango wa jikoni ili mama yake ampime urefu. Mstari wa penseli ukibaki palepale, Bi Sulbha alimpa chapati nzima na dengu. Ukipanda hata kidogo, Revati alipata nusu chapati na chai ya rangi.

"Maziwa ndiyo yanayokurefusha," mama alimwambia. "Vumilia, mwanangu. Nchi nzima inakupenda."

Nchi nzima ilimpenda Mini, mtoto mchangamfu wa tamthilia iliyoonyeshwa kila jioni. Revati ndiye aliyeigiza Mini. Walipopanda bajaji kuelekea studio, kwenye kitongoji cha Goregaon, wauza mboga walimpungia mkono na kumwita kwa jina hilo, naye alizoea kuitikia.

Miaka mitatu nyuma, kampuni ilikuwa inatafuta mtoto wa miaka saba. Revati alikuwa ametimiza kumi, ila umbo lake lilikuwa dogo. Bi Sulbha alichukua cheti cha kuzaliwa, akatoa nakala, akabadilisha mwaka. Baba alikuwa dereva wa lori la safari za mbali. Aliambiwa tu kwamba mtoto amepata kazi. Tangu hapo Revati alikuwa na umri wa namna mbili. Nyumbani alikuwa na miaka kumi na mitatu na miezi minane. Studio alikuwa na miaka kumi, na ilimbidi akumbuke hivyo hata anapocheka.

Siku hiyo walikuwa wanarekodi sehemu ya Mini akitimiza miaka kumi. Gauni la waridi lilimbana mabegani, na taa zilikuwa kali kama jua la kiangazi. Asubuhi ile mstari ulikuwa umepanda, kwa hiyo tumboni mlikuwa na nusu chapati tu. Keki ilikuwa mbele yake, lakini haikuwa ya kula. Mwongozaji, Bwana Anirudh, hakuridhika.

"Turudie," alisema. "Mini, zima mishumaa kwa furaha. Ni siku yako, si msiba."

Wakarudia mara sita. Mara ya saba Revati alivuta pumzi, akaona miali ya mishumaa ikizunguka, kisha hakuona kitu.

Alipofumbua macho alikuwa amelazwa kwenye kochi la chumba cha kupambia waigizaji. Dokta Firoza, daktari wa studio, alikuwa amemshika mkono akihesabu mapigo. Mama alisimama nyuma yake, akisokota ncha ya sari yake vidoleni.

"Ana miaka mingapi?" daktari aliuliza.

"Kumi, dokta," mama alijibu haraka. "Imeandikwa kwenye faili."

"Faili nimeisoma. Fungua mdomo, binti." Dokta Firoza alimulika kinywa cha Revati kwa tochi. "Haya magego ya nyuma huota mtoto akikaribia miaka kumi na miwili au zaidi. Na uzito huu ni mdogo hata kwa mtoto wa kumi. Revati, sikiliza. Nikikutibu kwa umri usio wako naweza kukudhuru. Una miaka mingapi?"

Revati alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa kidogo, kiasi cha mtu mwingine kutoona. Kwa miaka mitatu Revati alikuwa amekitii kichwa kile. Lakini alikuwa na njaa.

"Kumi na mitatu," alisema. "Naelekea kumi na minne. Nakula kidogo ili nisirefuke."

Bwana Anirudh alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia yote.

Hakufoka. Revati angeona afadhali kama angefoka. Alivuta kiti akaketi kama mtu aliyechoka.

"Baada ya wiki tatu hadithi itaruka miaka mitatu," alisema. "Mini atakuwa na miaka kumi na mitatu. Nimezunguka miezi miwili nikitafuta msichana wa umri huo anayejua kuigiza. Nimeona zaidi ya mia moja. Mwisho nimemchukua dada wa miaka kumi na tisa mwenye umbo dogo, na mkataba ameshasaini. Kumbe niliyemtafuta nilikuwa nakunywa naye chai kila siku."

Bi Sulbha alidakia. "Basi bado hujachelewa, bwana. Si huyu hapa? Nchi nzima inamjua."

"Bibie, kibali cha mtoto huyu kufanya kazi kilitolewa kwa cheti mlichokichezea. Nikimweka tena mbele ya kamera, mimi ndiye nitakayejibu. Na hata bila hilo, nitaaminije karatasi yoyote mtakayoniletea?" Alisimama. "Kesho msije. Sehemu zilizobaki tutazikata."

Mama alitoka akimfuata, akimsihi. Revati alibaki peke yake, akaanza kukusanya vibanio vyake vya nywele. Ndipo Bi Vasundhara, aliyeigiza bibi yake Mini, akaingia akiwa na nywele zake za bandia nyeupe mkononi na sahani ya wali na dengu.

"Kula kwanza," alisema.

Revati alikula huku machozi yakidondokea sahani. Alipomaliza aliuliza, "Bibi, kwa nini mimi tu? Hapa kila mtu anadanganya umri. Wewe mwenyewe si mzee."

"Nina miaka arobaini na mitatu. Yule anayeniita mama kwenye tamthilia amenizidi kwa miezi minne." Bi Vasundhara alicheka, lakini si kwa furaha. "Wanaume wa rika langu wanapewa wachumba wa kuigiza nao. Mimi napewa mvi. Inaniuma, sitakuficha. Lakini Anirudh anajua umri wangu, na daktari anajua, na mwili wangu naulisha kama wa mtu wa miaka arobaini na mitatu. Mbele ya kamera ungeweza kuwa wa miaka saba, na hakuna ambaye angekulaumu, maana huo ni mchezo na sote tunajua ni mchezo. Ninyi mliutoa mchezo nje ya kamera. Mkauingiza kwenye cheti, kwenye sahani yako, hadi kwenye mifupa yako. Hapo si kuigiza tena, binti yangu. Hapo ni uongo, na wewe ndiye umeulipia."

Wiki iliyofuata Bi Sulbha alimpeleka Revati shule ya mtaani kwao. Mwalimu mkuu alimpa mtihani wa hesabu na wa lugha, akasahihisha wakiwa wamekaa hapohapo.

"Kwa umri anapaswa kuwa darasa la nane," mwalimu alisema polepole. "Ila anajua ya darasa la tano tu. Huko studio alifundishwa nini?"

"Mwalimu wao alimfundisha masomo ya mtoto wa miaka kumi," mama alijibu.

"Basi ataanza na wa miaka kumi. Akijitahidi, tutamrusha darasa."

Revati aliketi dawati la nyuma, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wote. Watoto waligeuka kumtazama. "Mini amekuwa shangazi," mmoja alinong'ona, na darasa zima likacheka.

Mchana, nyumbani, mama alimwekea bilauri ya maziwa na chapati tatu, akakaa mbele yake bila kula.

"Leo mwalimu aliponipa fomu," alisema, "mkono wangu ulitaka kuandika mwaka ule mwingine. Wenyewe tu, kwa mazoea. Ndivyo uongo ulivyo, Revati. Unauanza ukidhani wa siku moja, halafu unakufundisha mkono. Nilitaka uwe mtu mkubwa, nikakuzuia usikue. Yote mawili niliyafanya kwa wakati mmoja na kujiita mama mwenye akili. Nimeandika mwaka wako wa kweli. Ukiulizwa na yeyote, hata ikikugharimu, sema huohuo."

Revati alikunywa maziwa hadi mwisho, akafungua kitabu cha darasa la tano.