Jeti za Mgori

Mzee Yeremia alikufa saa mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa amebeba bomba jeusi begani.

Risasi moja. Bunduki ya Dragunov. Mita mia nne.

Juu ya mwamba, Zefania Kitundu aliokota ganda la risasi likiwa bado la moto, akalitia mfukoni. Hakuwa mtu wa kuacha taka. Akavuta redio.

"Mzinga, hapa Mrina."

"Sema, Mrina."

"Aliyebeba kombora ameanguka. Amebaki mwanamke, yumo kibandani."

"Picha za ndege?"

"Bado."

"Chukua picha kwanza. Halafu mrine na yeye. Mwisho saa kumi jioni."

"Nimepokea."

Katika lugha yao, kurina hakukuwa na asali.

Ilikuwa Agosti 1995, miaka ya ruksa, milango ya nchi ikiwa wazi. Kila mradi uliingia nchini na barua yake. Barua ya kambi hii, pembeni mwa msitu wa Mgori, ilifika makao makuu ya usalama ikiwa imeambatanishwa na tafsiri safi ya Kiswahili: *Waombaji watachunguza ndege za jeti kwa darubini, kwa muda wa miezi mitatu.* Ndege za jeshi zilikuwa zikipita juu ya Singida kila wiki. Aliyesoma tafsiri hakuona haja ya kusoma kilichotafsiriwa.

Zefania alishuka. Alipofika kwenye maiti aliinama kulitazama kombora.

Lilikuwa na kioo mbele na kioo nyuma. Katikati palikuwa patupu.

Darubini.

Alisimama. Kisha akaupiga teke mlango wa kibanda.

Dokta Agripina Malogo, mwanasayansi mzaliwa wa Kintinku, alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakuinua mikono.

"Umemuua mzee Yeremia," alisema. "Alikuwa ananiletea darubini niifute vumbi. Fundi wa magari yule. Ana wajukuu tisa."

"Picha za jeti ziko wapi?"

"Ziko kwenye kompyuta. Na wewe nani?"

"Fungua."

Aliifungua Toshiba. Zefania alitegemea kuona ndege za kivita, MiG. Aliona mstari mwembamba, ukipanda na kushuka kama vichuguu.

Mdomo wa bastola ya Makarov uligusa sikio la mwanamke.

"Dokta, nimesema ndege."

"Ndege gani? Nani amekuambia ndege?"

"Barua yenu."

Mwanamke alimtazama. Kisha akacheka, kicheko kibaya, kama mtu anayetapika.

"Jeti! Jeti hii si ndege, baba. Kuna galaksi jirani na yetu. Ndani yake kuna nyota iliyokufa, inamla mwenzake angali hai. Inachoshindwa kumeza inakitema pande mbili, mbio kama za mwanga wenyewe. Mate hayo ndiyo jeti. Yanaigonga gesi, gesi inawaka. Mimi naupasua mwanga wake, rangi baada ya rangi, najua yametemwa kwa nguvu gani. Basi. Ndiyo kazi mliyoniulia mtu."

Zefania hakuwa mwepesi wa kuamini. Wala wa kukataa. Aliutazama ule mstari toka mwanzo hadi mwisho, polepole. Kichuguu kimoja kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kwenye karatasi iliyokuwa mezani, hicho hicho kilikuwa kimezungushiwa kalamu nyekundu.

"Hiki?"

"Hicho ni kero. Galaksi ile inatukimbia, kwa hiyo rangi zake zote zimesogea kidogo upande wa wekundu. Hii haijasogea hata unywele. Haitoki kule. Inatoka hapa hapa. Sodiamu. Taa za njano, zile za barabarani mjini."

"Mgori hakuna umeme."

"Ndivyo nilivyoandika! Barua tatu. Zinawashwa kila Ijumaa alfajiri, nusu saa, upande wa kusini. Zinaniharibia kazi."

"Ulimwandikia nani?"

"Bonifasi. Ofisa wa vibali. Ndiye aliyetutafsiria ombi letu."

Zefania aliirudisha bastola kiunoni. Akatoka nje.

"Mzinga, hapa Mrina. Bonifasi wa vibali. Alikuwa nani zamani?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Mwalimu wa sekondari. Fizikia, miaka kumi na moja. Kwa nini?"

Karani angeweza kulikosea neno lile. Mwalimu wa fizikia, hapana.

"Mrina! Umemaliza?"

"Bado."

"Saa kumi ni saa kumi. Ukishindwa, tunatuma wengine."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Alizitafuta taa mpaka alasiri. Kusini mwa kambi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, palikuwa na shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Katikati ya mabua, ardhi ilikuwa imeshindiliwa kama sakafu. Magunia yalikuwa yamepangwa kwa mistari miwili, na chini ya kila gunia kulikuwa na taa. Kando kulikuwa na jenereta, Peugeot 504, na pembe za ndovu zilizofunikwa turubai.

Bonifasi alikuwa peke yake, anakunywa Pepsi.

"Karibu, afande!" Alitabasamu alipoiona bunduki. "Wale majasusi umeshawamaliza?"

Zefania alimpiga risasi ya goti.

Alingoja. Hakuuliza neno mpaka makelele yalipogeuka kuwa mkoromo.

"Ndege inakuja saa ngapi?"

"Afande, tugawane..."

Alikanyaga goti.

"Kumi na moja! Kumi na moja alfajiri! Rubani hapajui hapa, anafuata taa tu!"

"Kwa nini uliandika ndege?"

"Sasa ningefanyaje? Chombo cha yule mama kiliona taa zangu. Mimi sina bunduki, nyie mnazo." Jasho lilimtiririka, lakini meno yalionekana. "Neno moja tu, mkaja mbio kama mbwa walioitiwa mfupa. Nimeusikia mlio asubuhi. Ulikuwa wa nani? Mzee Yeremia? Huyo umemuua wewe, afande. Usinipe mimi."

Zefania alitazama Seiko yake. Saa kumi kasoro dakika tano.

"Mzinga, hapa Mrina. Mwanamke aachwe. Nyuki ni wa kwetu: Bonifasi."

"Thibitisha."

"Ngoja alfajiri. Nitathibitisha."

Alianza kuzihamisha taa. Ishirini na nne. Alizibeba moja moja, akipima umbali kwa hatua, mpaka uwanja ule ukapinda na kuelekea kwenye majabali makubwa mwisho wa shamba. Bonifasi alielewa kwenye taa ya saba.

"Afande. Afande, nina watoto."

"Mzee Yeremia ana wajukuu."

Alimfunga kwenye taa ya mwisho, mgongo ukiegemea jabali. Akafunga kwa uangalifu, kila fundo mara mbili.

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri jenereta ilinguruma. Mgori yote ikawa ya njano.

Kisha mlio wa injini mbili, kutoka magharibi. Ndege iliinama, ikazunguka mara moja, ikazipata taa.

"Zima!" Bonifasi alipiga yowe. "Zima taa! Kwa jina la Mungu, zima taa!"

Zefania alikuwa amekaa juu ya boneti ya Peugeot, anamenya karanga.

Hakuzima.

Jua lilipochomoza alikuwa kambini. Agripina alikuwa amemfunika mzee Yeremia kwa kitenge chake na kukaa kando yake. Magotini alikuwa na karatasi mpya.

"Saa kumi na moja na dakika nne," alisema bila kuinua macho, "njano yote imekatika."

"Haitawaka tena."

"Jana ungeniua?"

"Ndiyo. Zilibaki dakika tano."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa namba aliyokuwa akiitafuta.

"Na huyu? Wale wajukuu niwaambie nini? Kwamba ulikosea shabaha?"

Zefania alitoa ganda la risasi mfukoni. Akaliweka chini, karibu na kitenge.

"Shabaha sikukosea," alisema. "Nilikosea neno."

Akatundika Dragunov begani, akashika njia ya Singida mjini. Alitembea kama mtu anayewahi basi ambalo anajua litamsubiri.